Vitamini D na Nguvu za Msuli: Kati ya Seli ya Maabara na Ngazi za Igogo

Shangazi yangu anaishi Igogo, jijini Mwanza, juu ya mawe, katika nyumba ambayo kuifikia ni lazima upande ngazi za miamba ambazo mgeni huzihesabu na mwenyeji huzisahau. Mwaka juzi naye alianza kuzihesabu. Kwanza alilalamika kwamba mapaja hayamtii, kisha akawa hawezi kuinuka kwenye kigoda bila kushika ukuta, na baadaye akaacha kabisa kushuka mjini. Muuzaji wa duka moja la dawa alimpa chupa ya vidonge vya vitamini D na kumwambia, "Mama, hii inaamsha seli za misuli. Nguvu zitarudi zenyewe." Wiki hiyohiyo kijana wa nyumba ya jirani, mchukuzi wa magunia ya dagaa katika soko la Kirumba Mwaloni, alinunua chupa ya aina hiyohiyo, kwa maneno yaleyale, kwa sababu kila siku ilipofika saa nne asubuhi alikuwa amekwisha choka.

Kauli ile ya muuzaji nimeifikiria kwa muda mrefu, kwa sababu si uongo. Ipo kazi ya maabara inayoonyesha kwamba vitamini D hubadilisha namna seli ya msuli wa binadamu inavyotumia oksijeni na kuzalisha nishati. Kinachonisumbua ni umbali uliopo kati ya seli iliyokuzwa katika kisahani na mtu aliyejitwika gunia, na jinsi umbali huo unavyorukwa kwa sentensi moja mbele ya kaunta. Ninavyoona mimi, vitamini D humsaidia yule aliyepungukiwa nayo, tena wakati mwingine humsaidia sana, lakini mwenye ya kutosha haongezewi nguvu kwa kuongezewa vidonge. Na katika mwambao huu wa Ziwa Victoria, ambako sababu za uchovu ni nyingi na baadhi yake zina tiba inayojulikana, kumpa kila mchovu chupa ileile ni kumchelewesha mgonjwa.

Tuanze na kitu chenyewe. Mwaka 1922 Elmer McCollum na wenzake nchini Marekani walionyesha kwamba mafuta ya ini la samaki yana kitu kinachozuia matege ambacho si vitamini A, na hicho ndicho kilichokuja kuitwa vitamini D. Jina hilo limetupotosha kidogo tangu hapo, maana vitamini kwa kawaida ni kitu ambacho mwili hauwezi kujitengenezea wa kutosha, ilhali hii mwili huitengeneza wenyewe ukipata jua. Mionzi ya urujuanimno aina ya B inapoifikia ngozi, hubadilisha kitu cha jamii ya kolesteroli kilichomo humo, na joto la mwili hukamilisha kazi iliyobaki. Zao lake husafiri hadi kwenye ini, ambako hubadilishwa kuwa umbo la akiba, kisha hufika kwenye figo na kuwa homoni kamili inayoitwa kalsitrioli. Kinachopimwa hospitalini ni lile umbo la akiba, kwa nanomoli (kizio cha viasi vidogo sana) kwa lita ya damu, wakati kinachofanya kazi ndani ya seli ni kalsitrioli, ambayo kiasi chake katika damu ni kidogo mno, kama mara mia tano hadi elfu moja pungufu ya ile akiba. Ninaomba msomaji aikumbuke tofauti hiyo, kwa sababu tutairudia.

Kalsitrioli ikishaingia kwenye seli hushikana na kipokezi chake, yaani protini inayoipokea, nacho kipokezi huungana na mwenzake wa aina nyingine, na kwa pamoja hukaa juu ya DNA na kuamuru baadhi ya jeni zisomwe zaidi na nyingine zisomwe kidogo. Ndiyo maana sehemu kubwa ya athari za vitamini D huja polepole, kwa muda wa saa, siku na wiki. Mtu anayemeza kidonge asubuhi na kusema mchana kwamba amesikia nguvu, amezipata kwingine.

Msuli nao una hesabu zake za matumizi. Nishati ambayo seli inaweza kuitumia moja kwa moja imo katika molekuli inayoitwa adenosini trifosfeti, ambayo kwa kifupi huandikwa ATP, na akiba iliyomo katika msuli unaofanya kazi kwa nguvu zote haizidi sekunde chache. Ikianza kupungua, kuna akiba ya pili inayoitwa fosfokreatini, ambayo hutoa fosfeti yake ili ATP irudishwe upya, nayo hutosha kwa kama sekunde kumi za kazi nzito. Baada ya hapo msuli hutegemea kuvunja sukari na mafuta, na kazi kubwa ya uzalishaji hufanyika ndani ya mitokondria, vile viungo vidogo vya seli vinavyotumia oksijeni tunayoivuta. Watu wengi hudhani kwamba msuli hutumia nishati pale tu unapovuta. Kumbe hata kuachia kunaigharimu seli, kwa sababu nyuzi za protini zilizoshikana haziachiani bila ATP, na kalsiamu iliyomwagwa ili kuanzisha mkazo ni lazima irudishwe ghalani kwa pampu inayotumia ATP hiyohiyo. Mvuvi yeyote wa sangara ameliona hilo kwa macho yake: samaki aliyekufa hukakamaa baada ya saa chache, si kwa sababu amepata nguvu mpya, bali kwa sababu ATP imekwisha na nyuzi za misuli yake zimeshindwa kuachiana.

Sasa, vitamini D inaingia wapi? Mwaka 2016 watafiti wa Mayo Clinic nchini Marekani walichapisha uchunguzi wa seli za msuli wa binadamu zilizowekewa kalsitrioli. Kiasi cha oksijeni ambacho seli hizo zilikitumia kiliongezeka, na pamoja na hilo umbo la mitokondria lilibadilika: zilichukua nafasi kubwa zaidi ndani ya seli na kuungana katika mtandao wenye matawi, badala ya kukaa vipandevipande. Protini moja inayosaidia mitokondria kuungana iliongezeka, na mbili zinazohusika na kuzigawanya zilipungua. Zaidi ya hayo, kimeng'enya kinachoruhusu zao la sukari liingie kwenye mitokondria na kuchomwa kwa oksijeni kilifunguliwa zaidi, maana breki yake ilipungua. Walipoizuia seli isitengeneze kipokezi cha vitamini D, ongezeko la matumizi ya oksijeni likatoweka, na hilo ni muhimu, kwa kuwa linaonyesha kwamba badiliko lile lilipitia kwenye kipokezi chenyewe na halikuwa la bahati. Miaka minne baadaye watafiti wa Uingereza waliliendea jambo hilo kwa upande wa pili: walipunguza kipokezi katika seli za msuli wa panya, na upumuaji wa mitokondria ukashuka.

Ninakiri kwamba nilipoisoma kazi hiyo kwa mara ya kwanza nilifurahi. Ni jambo zuri kuona kwamba jua linalokausha dagaa kwenye mchanga wa Igombe ndilo hilohilo linaloanzisha homoni inayogusa mitambo ya ndani kabisa ya msuli wa anayewaanika. Lakini furaha ya msomaji si ushahidi, na kuna mambo mawili katika kazi hizo ambayo muuzaji wa dawa hatayasema, pengine kwa sababu naye hajaambiwa.

Jambo la kwanza ni kiasi. Majaribio mengi ya kisahani hutumia nanomoli 10 au hata 100 za kalsitrioli kwa lita, ilhali damu ya mtu mwenye afya ina kama sehemu moja ya kumi ya nanomoli. Hiyo ni mara mia moja hadi elfu moja ya kiasi cha kawaida. Jaribio la namna hiyo linatuonyesha kile ambacho seli inaweza kukifanya ikisukumwa kwa nguvu. Halituonyeshi kile inachokifanya ndani ya paja la mtu aliyekula ugali na sato jioni na kulala. Tena figo huidhibiti kalsitrioli kwa ukali sana, kiasi kwamba mtu akimeza vitamini D maradufu, umbo la akiba hupanda, lakini homoni yenyewe hupanda kidogo tu au haipandi kabisa.

Jambo la pili ni ubishi uliokuwepo juu ya kipokezi. Mwaka 2011 Wang na DeLuca, watafiti wa Wisconsin, waliuliza swali ambalo wengi walidhani limekwisha jibiwa: je, msuli uliokomaa una kipokezi cha vitamini D hata kidogo? Walionyesha kwamba baadhi ya kingamwili (protini za kunasia) zilizotumika kukitafuta zilikuwa zikishika protini nyingine, na kwamba wao, walipotumia kingamwili makini zaidi, hawakukiona. Mwaka 2014 kundi la watafiti wa Australia lilikikuta, lakini kwa kiasi kidogo, na zaidi katika misuli michanga kuliko iliyokomaa. Wengi leo wanakubali kwamba kipo. Hata hivyo, kitu ambacho wataalamu wamebishania kama kipo au hakipo hakifai kuuzwa kana kwamba ni swichi kubwa iliyo kwenye kila msuli ikisubiri kidonge cha kuiwasha.

Kuna maelezo mengine ya udhaifu wa misuli ambayo mimi nayaona yana uzito kuliko yanavyopewa, nayo yanahusu fosfeti. Mtu aliyepungukiwa sana vitamini D hushindwa kufyonza kalsiamu ya kutosha tumboni. Tezi ndogo zilizo shingoni, nyuma ya tezi ya thairoidi, hulitambua hilo na kutoa homoni yao kwa wingi ili kuivuta kalsiamu kutoka kwenye mifupa. Na homoni hiyohiyo huzifanya figo zimwage fosfeti kwenye mkojo. Sasa irudie hesabu ya msuli niliyoieleza hapo juu: ATP ni molekuli yenye fosfeti tatu, na fosfokreatini jina lake linaitaja. Damu ikikosa fosfeti, msuli hukosa malighafi ya nishati yake, hata kama mitokondria ni nzima na jua lipo. Tangu mwaka 1975, watafiti Birge na Haddad walikuwa wameonyesha kwamba umbo la akiba la vitamini D huongeza uingiaji wa fosfeti na kiasi cha ATP katika kiwambo cha panya, yaani ule msuli wa kupumulia. Na mwaka 2010 Schubert na DeLuca waliwachunguza panya waliokoseshwa vitamini D wakaona kwamba udhaifu wa misuli ulifuata upungufu wa fosfeti: pale fosfeti ilipobaki ya kawaida, misuli haikudhoofika hata kama vitamini yenyewe ilikosekana.

Nimelikalia jambo hili kwa sababu linabadilisha maana ya kauli "inaamsha seli". Ikiwa sehemu kubwa ya udhaifu hutokana na fosfeti iliyomwagika, basi vitamini D humrudishia mgonjwa nguvu kwa kuziba tundu lililokuwa likivuja, na mtu asiye na tundu hana cha kuzibiwa. Maelezo hayo yanapatana pia na kile ambacho madaktari wamekiona vitandani kwa miongo mingi: mgonjwa wa mifupa laini, ambaye upungufu wake ni mkubwa na wa muda mrefu, huwa dhaifu hasa kwenye mapaja na mabega, huyumba akitembea, hushindwa kuinuka kwenye kiti, na hupata nafuu ya wazi akitibiwa. Mtu mwenye upungufu mdogo haonyeshi dalili hizo.

Tukitoka kwenye panya kuja kwa binadamu, jaribio linalotajwa zaidi na wauzaji wa vidonge, hata kama hawalijui kwa jina, ni lile la Newcastle nchini Uingereza lililochapishwa mwaka 2013. Wagonjwa 12 wenye upungufu mkubwa waliwekwa ndani ya mashine ya sumaku inayoweza kuipima fosfeti katika msuli hai, wakakanyaga kwa mguu mpaka fosfokreatini ya kigimbi ikapungua, kisha muda wake wa kurudi ukapimwa. Baada ya matibabu ya wiki 10 hadi 12, muda wa kurudisha nusu ya fosfokreatini ulishuka kutoka kama sekunde 34 hadi kama sekunde 28. Wagonjwa wenyewe walisema uchovu umepungua. Ni kazi ya kuheshimiwa, kwa sababu iliingia ndani ya msuli wa mtu aliye hai na kuitazama mitokondria ikifanya kazi. Lakini walikuwa 12 tu, wote walikuwa na upungufu mkubwa, na hakukuwa na kundi la wenzao waliopewa kidonge kisicho na dawa.

Kidonge kisicho na dawa si jambo dogo katika habari za uchovu. Mwaka 2016 watafiti wa Zurich, Uswisi, walichapisha matokeo ya jaribio la watu 120 waliokuwa wakilalamika uchovu na wenye kiwango cha chini cha vitamini D, nusu wakapewa dozi moja ya uniti 100,000 (uniti ni kizio cha kimataifa cha kupimia vitamini) na nusu wakapewa kidonge kitupu, bila wao wala madaktari wao kujua nani amepewa nini. Baada ya wiki nne, asilimia 72 ya waliopewa vitamini walisema uchovu umepungua. Matokeo hayo yanaipendelea vitamini, nami nayakubali. Lakini katika kundi la kidonge kitupu nao asilimia 50 walisema hivyohivyo. Yaani kati ya watu wawili waliopewa kitu kisicho na dawa yoyote, mmoja aliondoka akiwa na shukrani. Ndiyo maana ushuhuda wa jirani, hata akiwa mkweli kabisa, hauwezi kutosha katika jambo hili.

Jaribio kubwa zaidi, lile la Marekani linaloitwa VITAL, lilihusisha watu 25,871 waliopewa uniti 2,000 kwa siku au kidonge kitupu, na wengi wao hawakuwa na upungufu tangu mwanzo. Vidonge havikuwapunguzia mivunjiko ya mifupa. Kuhusu dozi kubwa za mara moja moja, habari ni mbaya zaidi. Mwaka 2010 ilichapishwa kazi ya Australia ambayo wanawake 2,256 wenye umri wa miaka 70 na zaidi walipewa uniti 500,000 mara moja kwa mwaka au kidonge kitupu. Waliopewa vitamini walianguka zaidi na kuvunjika zaidi. Mwaka 2016, Uswisi tena, wazee 200 waligawanywa katika makundi ya dozi za kila mwezi, na waliopewa dozi kubwa ndio walioanguka zaidi. Na nchini Denmark, wanawake waliokoma hedhi na waliopewa uniti 2,800 kila siku kwa miezi mitatu walipungukiwa kidogo na nguvu za kushika kwa mkono ikilinganishwa na waliopewa kidonge kitupu. Sisemi kwamba vitamini D ni sumu kwa msuli. Ninasema kwamba wazo la "kadiri inavyozidi ndivyo nguvu zinavyozidi" limepimwa kwa watu na halikusimama.

Sasa turudi huku kwetu. Mwanza ipo kama nyuzi mbili na nusu kusini mwa ikweta, na uso wa ziwa wenyewe upo mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo mionzi ya urujuanimno B inatufikia mwaka mzima, bila ile miezi ya baridi ambayo watu wa Newcastle na Zurich hukaa bila kuipata. Mwaka 2012 ulichapishwa utafiti wa Luxwolda na wenzake uliowapima Wamasai na Wahadzabe wa Tanzania waliokuwa wakiishi maisha ya asili nje juani, na wastani wao ulikuwa nanomoli 115 kwa lita, zaidi ya maradufu ya ile 50 ambayo jopo la Marekani lilitangaza mwaka 2011 kuwa inawatosha karibu watu wote. Ngozi nyeusi huhitaji muda mrefu zaidi juani ili kutengeneza kiasi kilekile, lakini ukishaupata muda huo, kazi inafanyika. Mchukuzi wa Kirumba anayeshinda nje kwa fulana iliyokatwa mikono, na kula dagaa mzima na ini lake, ni mtu wa mwisho ambaye ningemshuku kuwa na upungufu.

Wa kuwashuku ni wengine, na wapo. Wavuvi wa dagaa hufanya kazi usiku wa giza, kwa taa za sola zilizochukua nafasi ya karabai, na mchana wakiwa mwaloni hulala chini ya turubai. Wapo wafanyakazi wa viwanda vya minofu, wanaoingia alfajiri na kutoka jioni wakiwa wamefunikwa mwili mzima. Wapo wanawake wanaojisitiri kikamilifu na ambao nyumba zao hazina ua wa faragha wa kuotea jua. Wapo wazee wasioweza tena kushuka milimani, na watoto wachanga wanaofungiwa ndani na kunyonya maziwa ambayo kwa kawaida yana vitamini D kidogo. Wapo wagonjwa wa figo, ambao hatua ya mwisho ya utengenezaji imeharibika, na wapo wanaotumia dawa zinazoharakisha kuvunjwa kwa vitamini hiyo: baadhi ya dawa za kifafa, na rifampisini ya kifua kikuu. Utafiti uliofanywa hapahapa Mwanza kwa wagonjwa wa kifua kikuu cha mapafu na kuchapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba kiwango cha chini kilikuwa jambo la kawaida miongoni mwao, jua lote hili likiwapo. Kwa hiyo anayesema "sisi wa ikweta hatuwezi kukosa vitamini D" anakosea sawasawa na anayesema wote tunaikosa.

Na yule kijana mchukuzi? Alipopelekwa kupimwa, damu yake ilikuwa chini na choo chake kilikuwa na mayai ya kichocho. Mtu aliyekulia mwambao wa ziwa, akaogelea humo utotoni na kushusha mizigo akiwa ndani ya maji mpaka magotini, ni mtu ambaye swali la kichocho lilipaswa kuulizwa kabla ya swali lolote la vitamini. Tena tukitazama kwa jicho la nishati ya msuli, upungufu wa madini ya chuma humwumiza mtu mara mbili: hemoglobini hupungua, hivyo oksijeni inayofika kwenye msuli hupungua, na mitokondria zenyewe hukosa chuma kilichomo katika protini zinazopokezana elektroni ili kutengeneza ATP. Yaani mitambo ileile ambayo muuzaji aliahidi kuiamsha kwa vitamini D ilikuwa imelala kwa kukosa chuma. Kidonge cha prazikwanteli na dozi ya madini ya chuma ndivyo alivyovihitaji. Malaria inayojirudia hufanya uharibifu wa namna hiyohiyo kwa kuvunja chembe nyekundu za damu, na minyoo ya safura hunyonya damu kimyakimya. Mambo haya kila mhudumu wa zahanati anayajua, na kipimo cha hemoglobini kinapatikana mahali pengi ambako kipimo cha vitamini D hakipatikani.

Hapo ndipo ninapoona kosa linalopaswa kusahihishwa, na halihitaji sheria mpya. Mgonjwa anayelalamika uchovu aulizwe kwanza uchovu wake ni wa namna gani. Akisema anahema na moyo unamwenda mbio anapopanda mlima, apimwe damu, kichocho na malaria. Akisema mapaja yamekataa, kigoda kimemshinda, mifupa inauma akiibonyeza, na huku anakaa ndani au anatumia dawa za kifafa, huyo upungufu wa vitamini D ushukiwe kwa dhati, na kama kipimo chake hakipo, basi kalsiamu, fosfeti na kimeng'enya cha mifupa vipimwe, maana vyaweza kutoa fununu. Chama cha wataalamu wa homoni cha Marekani, ambacho mwaka 2011 kilikuwa kimependekeza kiwango cha nanomoli 75, mwaka 2024 kiliacha kukitetea kiwango hicho na kushauri watu wazima wenye afya wasipimwe ovyo. Na anayepewa vidonge apewe dozi ya kila siku iliyo ya kiasi, isiyozidi uniti 4,000 bila usimamizi wa daktari, kwa sababu vitamini D hukaa mwilini muda mrefu, na ikizidi mno huipandisha kalsiamu hadi kuleta kiu, kutapika, mawe ya figo na, kwa masikitiko, udhaifu wa misuli uleule uliokuwa ukikimbiwa.

Shangazi yangu alikuwa ametumia dawa za kifafa kwa zaidi ya miaka ishirini, na kwa miaka miwili alikuwa hatoki nje isipokuwa siku ya ibada. Hakuna aliyemwuliza hayo kwenye kaunta. Alipopimwa, fosfeti na kalsiamu vilikuwa chini, na kimeng'enya cha mifupa kilikuwa kimepanda sana. Daktari alimwandikia vitamini D kwa dozi aliyoipima mwenyewe, pamoja na kalsiamu, na dawa ya kifafa hakuikatisha. Ile chupa ya awali ilikuwa na kitu alichokihitaji kweli, lakini dozi yake ilikuwa ndogo mno kwa mtu wa hali yake, na kama angeendelea nayo peke yake angeamini kwamba vitamini haifanyi kazi. Wiki ya sita aliinuka kwenye kigoda bila kushika ukuta. Mwezi wa nne alishuka ngazi zote hadi barabarani, akapumzika kwenye kibanda cha muuza sato wa kukaanga, akapanda tena taratibu. Siku hizi, kuanzia saa nne asubuhi, huketi kwenye jiwe lililo mbele ya mlango wake, mikono na miguu ikiwa wazi, akichambua mchele huku akiitazama Ghuba ya Mwanza.